Bawabu na Toleo la Mia Moja

Katika droo ya tatu ya meza yake kuna simu saba, na hakuna hata moja ambayo mwizi angejisumbua nayo. Moja ina ufa unaokata kioo pembe hadi pembe. Nyingine imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Zimeandikwa namba kwa wino mweupe, moja hadi saba, na kila Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, huzitoa, huzipanga mezani kama karata, na kufungua tovuti ya ofisi katika kila moja. Ikifunguka kwenye namba saba, ile yenye mpira, hufunga droo na kusema, "Imepita." Kwa miaka tisa hajawahi kuruka Jumatatu.

Wenzake wanamwita Bawabu, na jina hilo halikutoka hewani.

Ofisi yao hupokea maombi ya vyuo. Iko ghorofa ya pili, ina feni moja inayozunguka kwa kusitasita, na madirisha yake yanatazama ukuta wa jengo la jirani, kwa hiyo taa huwaka mchana kutwa. Kila mwaka maelfu ya vijana waliomaliza shule hujaza fomu kwenye tovuti, nayo si fomu ya kulala kama karatasi. Ukichagua uuguzi, orodha ya vyuo inabadilika papo hapo. Ukichagua chuo, nafasi zilizobaki zinajitokeza bila ukurasa kufunguliwa upya. Fomu ya namna hiyo inategemea kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, kielewe kila kinachoambiwa. Miaka tisa iliyopita vivinjari vingi vya zamani vilikuwa vikielewa nusu nusu. Mtoto alijaza kurasa nne, akabonyeza kutuma, na hakuna kilichokwenda wala kilichomwambia kwamba hakikwenda. Mwaka ule vijana walikaa nyumbani wakisubiri majibu ya maombi ambayo hayakufika popote.

Ndipo yeye, fundi wa tovuti, akaweka bawabu mlangoni. Ilikuwa mistari sita tu ya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta. Kivinjari kikifika, kiulizwe jina na namba ya toleo. Kama toleo liko chini ya hamsini, kisiingie, kionyeshwe maneno haya katikati ya ukurasa mweupe: "Kivinjari chako ni cha zamani mno. Tafadhali kisasishe, kisha ujaribu tena."

Watu wa fani hii wana viwango walivyokubaliana ulimwenguni kote, vinavyoeleza ukurasa uandikwe vipi ili vivinjari vyote viuelewe sawa. Na penye viwango hivyo kuna shauri moja linalorudiwa mpaka linachosha: usikiulize kivinjari jina lake, kiulize kinaweza kufanya nini. Aliyevuka mipaka mingi analijua hilo bila kulisomea. Yuko ofisa anayefungua begi lako na kuona ulichobeba, na yuko anayetazama rangi ya pasipoti yako tu, kisha anakuelekeza kwenye benchi. Wa kwanza anakuchelewesha. Wa pili anaweza kukurudisha ulikotoka, nawe huna la kumwonyesha.

Bawabu aliujua ushauri huo. Lakini kuuliza uwezo kungemchukua wiki mbili, kuuliza jina kulimchukua alasiri moja, na msimu ulikuwa umeshaanza. Juu ya mistari ile sita akaandika maneno ya kujikumbusha: "Ya muda tu. Nitarudi."

Mwaka huu matokeo ya mitihani yalitoka Jumatatu, na maombi yalikuwa yafungwe Ijumaa, saa kumi jioni. Jumatano asubuhi simu yake ililia.

"Kaka, tovuti yenu inatufukuza."

Alikuwa dada yake, mdogo wake wa kumfuata. Ni fundi cherehani, na nyuma ya sauti yake cherehani iliendelea kukereza, maana hajawahi kusimamisha kazi kwa ajili ya maneno.

"Inasemaje?"

"Ati brauza ni ya zamani."

"Basi iapdetini."

"Simu ya mpwa wako hata miezi mitatu haina, kaka. Karatasi ya kioo bado hajaibandua."

"Upya wa simu ni kitu kingine, na upya wa brauza ni kitu kingine. Apdetini. Na simu nyingine zote hapo nyumbani muziapdeti, msije mkanisumbua tena. Mimi hapa nimefungua kwenye simu saba."

Cherehani ikanyamaza. Hapo ndipo alipojua kwamba dada yake ana wasiwasi kweli.

"Kaka, unajua nafasi za uuguzi ni za waliomaliza mwaka huu tu. Mwakani hata wakimwona hawamtaki. Na huyu mtoto anautaka uuguzi tangu ana miaka sita. Amefunga bandeji mpaka kuku."

"Atajaza. Siku tatu ni nyingi. Apdetini."

Alipoweka simu, mwanamke wa meza ya kupokea simu alikuwa amesimama mbele yake. Huyo wanamwita Redio, kwa kuwa hazimwi.

"Bawabu, leo kuna nini? Tangu asubuhi nina watu thelathini na kitu, wote wanaambiwa wa zamani."

"Waambie waapdeti."

"Nimewaambia. Wanarudi wanasema wameapdeti."

"Watu husema tu."

"Na wengine juzi waliingia! Wakajaza nusu, wakahifadhi, leo wamefungiwa nje. Mmoja ameniuliza, 'Dada, kwani nimezeeka usiku?'"

Bawabu hakucheka. Alivuta droo ya tatu, akazipanga simu saba, akafungua tovuti katika kila moja huku Redio akitazama. Zote saba zikafunguka, hata ile yenye mpira.

"Unaona? Kwangu inafunguka."

Ni maneno mawili tu, na sijui fani nyingine ambayo maneno mawili yamewakera watu wengi namna hii. Redio alirudi kwenye meza yake akitikisa kichwa, akaendelea kuwaambia watu waapdeti.

Alhamisi adhuhuri dada yake alipanda ngazi mwenyewe. Alikuja na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni na vipande vya uzi wa bluu kwenye nguo. Hakusalimia mtu. Aliweka simu ya binti yake juu ya karatasi za kaka yake.

"Haya, fundi. Fungua."

Bawabu akafungua. Ukurasa mweupe ukatokea: kivinjari chako ni cha zamani mno.

"Hamkuapdeti."

"Tumeapdeti jana mara mbili! Leo mara moja! Kaka, usinifanye mimi kichaa mbele za watu."

Akaingia kwenye mipangilio ya simu ili amwonyeshe. Akasoma namba ya toleo. Akaisoma tena. Mia moja. Lilikuwa limetoka Jumanne. Hakukuwa na toleo jipya kuliko hilo mahali popote duniani.

Akaitoa simu namba saba kwenye droo. Toleo la hamsini na tatu. Akafungua tovuti. Ikafunguka.

Akabaki na simu mbili mikononi, ile mpya iliyofukuzwa na ile ya mpira iliyokaribishwa, na dada yake akaona uso wake ukibadilika.

"Kuna nini?"

Aligeukia kompyuta, akatafuta faili ambalo hakuwa amelifungua kwa miaka tisa, akashuka nalo taratibu mpaka akafika kwenye maneno yake mwenyewe: "Ya muda tu. Nitarudi." Chini yake mistari sita. Na katika mstari wa pili, kitu ambacho wakati ule kilionekana busara: chukua tarakimu mbili zinazofuata jina la kivinjari, hizo ndizo toleo. Tarakimu mbili. Wakati ule hakuna kivinjari kilichokuwa na tatu. Sasa kikija cha mia moja, mstari ule ulikuwa ukisoma moja na sifuri, kisha unafumba macho. Kumi. Na kumi ni chini ya hamsini.

Kila aliyetii na kusasisha alifungiwa nje. Kila mkaidi aliingia. Droo yake isingemwambia kamwe, kwa kuwa aliijaza wazee watupu, akiamini kwamba taabu hutoka nyuma tu. Hata kompyuta ya ofisi, ambayo kitengo kingine huisasisha mara mbili kwa mwaka, ilikuwa bado kwenye tisini na saba.

"Tafuta simu ambayo haijaapdetiwa," alimwambia dada yake, na sauti ilimtoka kama ya mtu mwenye homa. "Yoyote. Ya mama je?"

"Ya mama tumeapdeti. Ulisema zote."

"Ya jirani?"

Dada yake akamtazama. "Kaka, mimi nina wateja. Nusu yao wana watoto waliomaliza mwaka huu. Jana nimewaambia wote: kaka yangu ndiye fundi wa ile tovuti, amesema tuapdeti. Mtaa mzima umeapdeti. Tulikaa kibarazani tunasaidiana."

Redio, ambaye alikuwa akisikiliza bila kujificha, akaziba mdomo.

"Basi hiyo hapo," dada yake akasema, akinyoosha kidole kwenye simu namba saba. "Si inafunguka? Mpigie mtoto simu atusomee vyeti vyake, tumjazie hapa hapa."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimetia sahihi karatasi. Mfanyakazi asimjazie ndugu, wala kwa kifaa cha ofisi. Mwaka juzi mmoja alifanya hivyo. Yeye alifukuzwa, na mtoto akafutiwa ombi. Nikimjazia nitamfungia mlango kabisa. Nipe mpaka kesho. Nikiutoa huu mstari, wanaingia wote."

"Wote! Mimi sikuja kwa ajili ya wote." Alichukua simu ya binti yake, akaitia mfukoni. Mlangoni akageuka. "Wenzetu wana wajomba wanaofungua milango. Sisi wetu amekuwa komeo."

Kuutoa mstari kungemchukua dakika kumi. Tatizo lilikuwa tangazo lililobandikwa ukutani juu ya mashine ya kuchapia, limewekwa plastiki lisichakae: WIKI YA MWISHO MFUMO HAUGUSWI. Aliyeruhusiwa kutengua hilo alikuwa Mkuu wa kitengo, na Mkuu siku nzima ya Alhamisi alikuwa katika kikao mjini, kisha Ijumaa asubuhi akawa katika kikao cha kueleza kikao cha Alhamisi. Bawabu alimpata saa nane na nusu mchana, akila njugu na kusoma barua.

Alieleza. Alieleza tena kwa mchoro. Mkuu alitafuna polepole.

"Lakini kwangu inafunguka," akasema Mkuu, akamgeuzia kompyuta.

"Kompyuta hiyo iko nyuma, Mkuu. Ndiyo maana."

"Kwa hiyo iliyo nyuma inafunguka, na iliyo mbele haifunguki."

"Ndiyo."

"Bawabu, umelala vizuri?" Akaelekeza njugu ukutani. "Na sheria hii ya kutogusa mfumo, nani aliyeniomba niiweke? Si wewe? Ulisema wenzako wanavuruga dakika za mwisho."

"Ni mimi."

"Watu hawaapdeti. Hayo nayo si maneno yako?"

"Ni yangu. Mkuu, simu yako ina toleo gani?"

"Sijui. Huwa inaniomba niapdeti, naikatalia. Ukiapdeti tu, vitu vinahama."

"Naomba uiapdeti."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mbele yangu."

Mkuu alishusha pumzi kama mtu anayembembeleza mgonjwa, akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka. Mtandao wa ofisi wakati huo ulikuwa umeelemewa, na kiduara kilifika robo, kikapumzika, kikafika nusu. Saa ya ukutani ilisema nane na dakika hamsini. Mkuu akamaliza njugu. Saa tisa na robo kivinjari chake kikawa kipya, naye akaandika anuani ya tovuti ya ofisi yake kwa kidole kimoja.

Akasoma kwa sauti. "Kivinjari chako ni cha zamani mno. Tafadhali kisasishe." Akaisogeza simu mbali na macho, akairudisha. "Cha zamani? Si nimekisasisha sasa hivi!"

"Ndivyo wanavyosema, Mkuu. Siku ya tatu leo."

"Nani ameandika upuuzi huu?"

Feni ilifika mahali pake pa kusita, ikasita.

"Mimi."

Saa tisa na dakika thelathini na tano mistari sita ilikuwa imetolewa. Bawabu akamwambia Redio ajaribu kwenye simu yake, ambayo nayo ilijisasisha yenyewe juzi. Ukurasa mweupe. Akajaribu tena. Mweupe vile vile.

"Umetoa kweli?" Redio akauliza.

"Nimetoa!" Akapiga meza hata simu namba tatu ikaanguka. Kisha akakumbuka. Simu, kwa ubahili wake wa data, huwa imejiwekea nakala ya faili la jana, na haioni sababu ya kuja kuchukua la leo. Yule bawabu wa mistari sita alikuwa ameshaondoka mlangoni, lakini kila simu ilikuwa imebaki na picha yake na iliendelea kuitii. Akalibadilisha faili jina ili simu zilazimike kulifuata. Saa tisa na dakika hamsini, simu ya Redio ikaonyesha fomu.

Akampigia mpwa wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Fungua sasa hivi. Mara moja."

"Imefunguka! Mama, imefunguka!" Akasikia cherehani ikisimama. Akamsikia msichana akisoma maswali kwa kunong'ona na kujibu kwa vidole. Jina. Shule. Uuguzi. Orodha ya vyuo ikabadilika, akasikia jinsi alivyoshusha pumzi ilipobadilika.

"Umefika wapi?"

"Picha ya cheti. Inapanda. Asilimia arobaini."

"Usiguse kitu."

"Sigusi, mjomba. Sitini." Cherehani haikurudi. "Sitini bado. Sabini."

Bawabu alikuwa akitazama saa ya kompyuta, kwa hiyo aliona dakika ikigeuka.

"Mjomba," msichana akasema taratibu, "imeandika dirisha la maombi limefungwa."

Kulifunga dirisha saa kumi kamili nalo lilikuwa jambo lililoandikwa kwenye msimbo, na hilo, kwa bahati mbaya, alikuwa ameliandika vizuri.

Alirudi kwa Mkuu bila kubisha hodi.

"Tuongeze muda."

"Kuongeza muda ni barua kwa bodi, pamoja na sababu," Mkuu alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameanza kufungua ukurasa wa barua. "Nitaandika hitilafu ya kiufundi."

"Ukiandika hitilafu ya kiufundi wataunda kamati ichunguze. Kamati itakaa wiki ijayo. Andika ni kosa la mtu, na mtu huyo amekiri, na limesharekebishwa. Hapo hawana la kuchunguza, watatia sahihi leo."

"Mtu huyo atakuwa na barua kwenye faili lake."

"Andika."

Mkuu akaandika. Bodi ikatia sahihi kabla ya saa kumi na mbili, na muda ukaongezwa mpaka Jumatatu saa kumi. Tangazo liliwekwa kwenye tovuti, mahali ambapo waliofukuzwa siku tatu mfululizo walikuwa wamekwisha kuacha kupita. Redio alikuwa na daftari la namba za baadhi ya waliopiga simu, akakaa na kuwapigia mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe sauti ilimkauka.

Jumamosi asubuhi mpwa wake alimtumia picha ya kioo cha simu: "Ombi lako limepokelewa." Chini yake dada yake aliongeza ujumbe wake. "Mtaa mzima wananiuliza sasa waapdeti au wasiapdeti. Nimewaambia wamtafute kaka wa mtu mwingine."

Jumatatu hakupanga simu. Alikaa mbele ya kumbukumbu za seva, ambazo huandika kila anayefika mlangoni, akitafuta waliokataliwa tangu Jumanne. Walikuwa zaidi ya elfu tatu. Au labda walikuwa mia tatu waliojaribu mara kumi. Hakukuwa na njia ya kujua. Bawabu wake alisimama mbele ya fomu, na hakuna aliyefika mahali pa kuandika jina. Kulikuwa na saa, dakika, jina la kivinjari, na namba kumi, kumi, kumi, kurasa kwa kurasa. Saa kumi jioni dirisha likajifunga.

Jumanne asubuhi Redio alikuwa amekwenda kunywa chai wakati simu yake ilipolia, na Bawabu akaiinua yeye.

"Habari za hapo," ilisema sauti ya mwanamume wa makamo, yenye kuhema. "Nilikuwa na shida na ile tovuti. Ilisema simu yetu imepitwa na wakati, nayo tuliinunua mjini Jumanne ikiwa imeapdetiwa dukani. Sasa kwetu mtandao wa kuapdeti haupo, ikabidi nisafiri nayo mpaka mjini Ijumaa. Nimerudi jana usiku. Nimeapdeti, ndugu yangu, kila kitu kimeapdetiwa. Na kweli, leo haisemi tena ya zamani. Inasema limefungwa."

Bawabu alitazama droo ya tatu. Akaivuta ya kwanza, akatoa daftari jipya, akafungua ukurasa.

"Nipe jina," akasema.

"La brauza? Subiri niangalie hapa juu..."

"Hapana, baba. La mtoto."